Kundi la Burgl

Asubuhi ya Alhamisi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango, na Inspekta Kassian Raggl alipofika kwenye mtambo wetu wa majitaka ilibidi aufuate uzio kwa mkono, asije akatumbukia. Ng'ombe walikuwa wameshateremshwa kutoka malisho ya juu hadi malisho ya kati, pale juu ya nyumba za mwisho, wakingoja Jumamosi waingie kijijini kwa sherehe ya kila mwaka. Hakuna aliyewaona. Kengele zao tu ndizo zilizosikika, mara kushoto, mara kulia, mara kama zinatoka chini ya ardhi.

Bi Burgl Falkner, mtunza mtambo, alikuwa amesimama kwenye ukingo wa tangi kubwa, mikono mifukoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega ya mtu aliyekua akifyeka nyasi za milimani, na tangu Jumatatu hakuwa amezungumza na mtu zaidi ya salamu. Sisi wa Hinterlahn, kijiji cha milima ya Tyrol, tulikuwa tumezungumza vya kutosha kwa niaba yake.

"Wewe ndiye uliyetumwa kunifunga?" aliuliza.

"Nimetumwa kuuliza maswali."

"Si ni kulekule, umepita njia ndefu tu. Haya, njoo uone maiti."

Kassian alisogea. Mashine ya hewa ilikuwa ikipuliza kama kawaida na mapovu yakipanda, lakini maji yalikuwa ya kijivu, kama yaliyooshea masufuria. Povu lilikuwa limevuka ukingo, likikatika vipande vipande na kuelea juu ya uzio, na mahali lilipoishia povu na ulipoanzia ukungu hapakujulikana.

"Mpaka Jumapili hapa palikuwa pa kahawia," Burgl alisema. "Tope zito, linanukia kama msitu baada ya mvua. Sasa nusa."

"Kunanuka choo."

"Choo ni harufu yangu ya kila siku, Inspekta, haijawahi kuninyima usingizi. Hii ni nyingine."

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Jumatatu samaki wa bwawa la Ausserlahn, kijiji kilicho chini yetu, walikutwa wakielea matumbo juu, na maji machafu yaliyowaua yalitoka kwenye bomba letu. Watu wa Ausserlahn wakapiga simu polisi. Wale hawahitaji kusukumwa. Halmashauri yetu nayo ikachukua njia ya mkato: Burgl alizima hewa Jumapili akalala. Jumamosi, ng'ombe wakishashuka na bendi ikishakaa kunywa bia, wangekutana kumnyang'anya funguo. Na aliyeshika funguo za mtambo ndiye anayekaa kwenye nyumba ndogo ya kando ya tangi, nyumba pekee aliyokuwa nayo Burgl. Ripoti ya Kassian ilitakiwa iwe mezani kwa meya kabla ya mkutano huo.

"Ulizima hewa?"

"Sikuzima."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Kundi langu. Lakini ndilo hilo limekufa."

Alimwingiza ndani. Mezani karibu na dirisha kulikuwa na hadubini, mkate na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, vyote pamoja, na ukutani amebandika picha kama wengine wanavyobandika za wajukuu. Pichani kulikuwa na viumbe vidogo vyenye umbo la kengele, kila kimoja juu ya ubua wake mwembamba, midomo wazi.

"Hao ndio wanaofanya kazi hapa," Burgl alisema. "Mimi nawafungulia hewa tu. Wanakula uchafu wa kijiji kizima, maji yanatoka safi. Nawaita ng'ombe wangu. Cheka ukitaka, wenzako wote wanacheka."

Kassian hakucheka. Aliinama kwenye hadubini. Kengele zilikuwepo, lakini zote zimefumba, mabua yamekatika, na hakuna iliyotikisika. Huko nje kengele za ng'ombe wa kweli ziliendelea kulia, naye akawa anaziona hizi na kuzisikia zile, mpaka alipoinua kichwa ilimchukua muda kukumbuka yuko wapi.

"Wakikosa hewa wanakuwa hivi?"

"Wakikosa hewa tope linakuwa jeusi, linaoza taratibu, na kuna wanaobaki. Hapa hajabaki hata mmoja."

"Basi hawakukosa hewa. Wamelishwa kitu."

"Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo wataniuliza nani kawalisha, na nini. Bila jina, yatakuwa maneno yako tu."

Alichota chupa mbili kutoka kwenye tangi, akazifunga na kuzipiga lakiri, akazituma wilayani kwa gari la posta. Majibu ya maabara yangekuja wiki inayofuata, Burgl akiwa ameshahama. Kwa hiyo Kassian aliamua kutumia miguu.

Sote tulikuwa tumemwelekeza kwa kidole kimoja: hotelini. Bi Hermine Lechthaler ndiye mwenye bwawa la kuogelea la pekee Hinterlahn, na kila mwisho wa msimu hulifungulia literemke mferejini, maji na dawa yake. Miaka mingi tulikuwa tukingoja akutwe na kosa. Ni mtu mzuri, lakini anaringa.

"Bwawa lako umelimwaga lini, mama?" Kassian alimuuliza.

"Kila mwaka namwaga wiki ya mwisho ya Septemba."

"Sijauliza kila mwaka."

Bi Hermine alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Mwanangu, umekula? Kuna supu ya madonge ya maini, ya moto."

"Nionyeshe bwawa kwanza."

Bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Majani ya miti yalielea juu yake, na katikati ya majani vyura wawili waliogelea polepole, hawana haraka ya kwenda popote. Kassian alichovya karatasi ya kupimia dawa, akaitoa, akaitazama pande zote mbili. Haikubadilika rangi.

"Vyura hawakai kwenye dawa," alisema.

Bi Hermine aliangalia nyuma kama kuna mgeni. "Mashine ya kupasha maji ilikufa mwezi wa nane," alinong'ona. "Dawa sijaweka tena tangu hapo. Wageni niliwaambia ni maji ya chemchemi, baridi yake inatibu viungo. Kuna bwana mmoja wa Vienna alitoka humo akinishukuru kwa machozi."

"Machozi ya baridi, pengine."

"Usiliandike hilo, mwanangu."

"Siandiki. Ila niambie, nani mwingine anaweza kumwaga sumu mferejini?"

"Huku? Huku mtu anaogopa hata kutema mate kwenye kijito. Bibi zetu walituchapa kwa hilo." Moyo ulikuwa umemtulia sasa, na Bi Hermine akitulia huongea. "Sumu hatuna, tuna uchoyo tu. Jumapili iliyopita Serafin, yule mchunga ng'ombe, kashusha madebe ya maziwa kwa ile kamba ya mizigo itokayo malishoni. Nikamwomba glasi moja, glasi moja tu ya maziwa ya malisho. Akanifukuza kama mwizi. Tangu mkewe Agathe afariki, yule mzee si yule."

Kassian alimshukuru na kuikataa supu mara ya pili, jambo ambalo Bi Hermine hajamsamehe mpaka leo.

Mchana aliazima kulabu ya chuma ya kuinulia mifuniko ya chemba, akaanza kuufuata mfereji kuelekea juu. Alikwenda peke yake, maana mtuhumiwa haongozani na mpelelezi. Waliokuwa madirishani waliona mwanga wa tochi yake ukipotea na kurudi ndani ya ukungu, na walisikia chuma kikigonga mawe, kisha kimya, kisha maji yakipita chini ya barabara. Kwenye kila chemba alipiga magoti, akanusa, akakwangua ukuta kwa kisu, akafunika, akasonga mbele.

Penye njia panda ya kanisa dogo, mfereji unagawanyika mara mbili. Tawi la kushoto lilikuwa la kijivu, halina neno. Tawi la kulia lilikuwa na mstari ukutani, wa bluu inayokaribia kijani, rangi ileile ya paa la kanisa lililokuwa juu ya kichwa chake. Kassian aliutazama mstari, akatazama juu alikojua kuna paa ingawa halikuonekana, akatazama mstari tena. Shaba. Aliukwangua, akaufunga kwenye karatasi.

Juu ya tawi lile kuna majengo mawili tu: nyumba ya jibini ya kijiji na zizi la Serafin Gstrein. Nyumba ya jibini ina sufuria kubwa ya shaba ambayo mtu anaweza kulala ndani yake, na Kassian aliiendea kwa matumaini. Buibui alikuwa ametanda mdomo wa sufuria kutoka ukingo hadi ukingo. Jiko chini yake lilikuwa halijawashwa tangu Juni, tangu ng'ombe wapande. Na lingewashwaje? Kiangazi maziwa yote hubaki juu, na jibini hutengenezwa hukohuko.

Alisimama pale mkono wake ukiwa juu ya ile shaba baridi. Kiangazi maziwa hayashuki kijijini. Sasa Serafin alishusha nini kwenye yale madebe?

Ijumaa alipanda malisho ya kati. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Kassian hakuliandika popote: polisi huyu, mzaliwa wa Tyrol, mwana wa Tyrol, alikuwa anaogopa ng'ombe. Walimtokea mmoja mmoja ndani ya ukungu, wakubwa, wa kijivu, wakamzunguka na kumnusa kola, naye akasimama mikono juu kama aliyekamatwa. Kwa kutothubutu kuwatazama machoni akatazama chini, akaona kwato. Watatu kati yao walikuwa na ukingo wa bluu pale kwato inapokutana na nywele.

Mzee Serafin alikuwa ndani ya kibanda, amekaa na taji mapajani. Wenye kujua wanajua mataji ya Hinterlahn: matawi ya msonobari, waridi za karatasi, riboni, na kioo kidogo katikati cha kurudishia macho mabaya yalikotoka. Lile lilikuwa zuri kupita yote niliyowahi kuyaona. Serafin alikuwa anafunga matawi mabichi ya mwisho.

"Karibu. Umewashinda hao mabibi?" alisema. "Wanapenda chumvi ya shingo."

"Taji zuri, mzee."

"Agathe. Alilishona kutwa kucha kitandani, kipindi chote cha baridi. Akafariki kabla theluji haijayeyuka." Aligeuza taji ili kioo kisimtazame. "Kesho Enzian atalivaa, yule ng'ombe anayeongoza. Mara moja tu, kisha naliweka."

"Ng'ombe wako wana bluu kwenye kwato."

"Mrututu, ile dawa ya shaba," Serafin alisema, bila kuficha lolote. "Waliugua kwato mwezi wa nane. Nikawa nawasimamisha kwenye hori la dawa asubuhi na jioni, nalala nao, nakula nao. Wamepona wote. Hakufa hata mmoja, ndiyo maana tunavaa. Si unaijua desturi?"

Kassian aliijua. Kifo kikimkuta mtu au mnyama wa malisho kiangazini, ng'ombe hushuka vichwa vitupu, kengele zimejazwa nyasi kavu, na kijiji husimama kimya barabarani. Agathe hakuhesabiwa, kwa sababu alifariki kabla kundi halijapanda.

"Na hiyo dawa ilipokwisha kazi, uliipeleka wapi?"

"Kijijini, kwa madebe. Ningeimwaga wapi huku? Kuna kondoo, wakila nyasi zenye mrututu wanakwisha. Kuna chemchemi. Kijitoni hamwagi mtu mwenye akili timamu. Nimeyashusha yote, mgongo unaniuma mpaka leo, nikamimina kwenye mfereji wa zizi langu. Unakwenda kwa Burgl, na Burgl anasafisha kila kitu."

Alilisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayengoja kusifiwa.

"Burgl anafukuzwa kesho," Kassian alisema.

"Nimesikia. Eti alilala."

"Hakulala. Mle tangini mwake mna viumbe hai, mzee. Vidogo, havionekani kwa macho. Ndivyo vinavyosafisha. Mrututu umeviua vyote, uchafu ukapita ulivyo, samaki wa watu wakafa."

Serafin aliliweka tawi chini. "Mimi najua ni mashine."

"Mashine inawapa hewa tu."

"Viumbe hai," Serafin alisema.

"Yeye anawaita ng'ombe wake."

Nje kengele moja ililia, ikanyamaza. Mzee alikuwa anayatazama mikononi mwake madoa ya bluu ambayo maji hayakuyatoa.

"Wamebaki wangapi?"

"Hakuna aliyebaki."

"Wote?"

"Wote. Nitaandika jina lako, mzee, siwezi kufanya vingine. Ripoti itakuwa mezani kesho, mkutano ukianza. Mpaka hapo, ng'ombe ni wako na desturi ni yenu."

Serafin aliitikia kwa kichwa. Kassian alipofika mlangoni na kugeuka, mzee bado alikuwa ameshika taji mapajani, lakini hakuwa anafunga kitu tena.

Jumamosi tulijipanga barabarani kuanzia asubuhi. Bendi ilikuwa imeng'arisha matarumbeta, Bi Hermine amewapanga wageni wake mstari wa mbele kana kwamba barabara ni yake peke yake, meya ana unyoya mpya kofiani. Burgl alisimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta wa kanisa dogo, funguo mfukoni mwa aproni. Wanaoishi jirani naye walisema begi lake lilikuwa limeshafungwa. Naona haya kusema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kusimama karibu naye. Aliyekwenda alikuwa Kassian, na bahasha yake kwapani.

Tulitega masikio. Siku hiyo kengele husikika mapema, zikiwa bado mbali, na watoto hushindana nani kazisikia wa kwanza. Hazikusikika. Bendi ikatazamana. Kisha kutoka ndani ya ukungu kikatokea kichwa cha Enzian, kitupu, bila ua hata moja, na nyuma yake vichwa vingine, vitupu vyote. Kengele zilikuwepo shingoni, kubwa zile za sherehe, zikiyumba na nyasi kavu zimejazwa ndani yake. Kilichosikika ni kwato tu juu ya lami, nyingi, polepole, kama mvua inayoanza.

Wanaume walivua kofia kabla hawajajua kwa nini. Mpiga tromboni aliishusha mpaka chini. Watu walianza kuhesabu ng'ombe kwa midomo bila sauti, na kila aliyemaliza alianza upya, maana hesabu ilikuwa imetimia.

Serafin alitembea mbele amevaa nguo zake nyeusi za mazishi, taji la Agathe mikononi. Alimpita meya, akaipita bendi, akasimama mbele ya Burgl.

"Serafin," meya aliita, "kundi limetimia. Nani amekufa?"

"Kundi la Burgl," Serafin alisema. "Nimeliua mimi kwa mrututu. Nilidhani namwaga mahali pasipodhuru kitu. Yeye hakulala. Kiangazi hiki tumepoteza kundi, kwa hiyo hatuvai."

Hakuna aliyecheka. Kassian alimpelekea meya bahasha na kumwambia ndivyo ilivyoandikwa, neno kwa neno, na kwamba Mzee Serafin atajibu mbele ya sheria kuhusu samaki, lakini juu ya funguo polisi hawana la kusema. Meya aliitia mfukoni bila kuifungua. Mkutano wa jioni haukuitwa tena.

Burgl alikuwa bado anamtazama mzee. Nilidhani atamtukana, na angekuwa na haki. Alinyoosha mkono akagusa moja ya zile waridi.

"Zinalowa, Mzee Serafin. Karatasi hii haitaki ukungu. Lilete ndani."

Hakulipokea taji. Aligeuka akaenda, naye Serafin akamfuata, na kwa kuwa Enzian humfuata Serafin popote, kundi lote likawafuata, kupita hotelini, mpaka kwenye uzio wa mtambo. Hapo ng'ombe wakasimama kuzunguka tangi la kijivu, ukungu ukiwafika magotini, na hakuna kengele iliyolia. Kassian alijikuta katikati yao. Mmoja alimnusa kola, naye Kassian akamwacha anuse.

Ndani, Burgl alipigilia msumari juu ya hadubini, akatundika taji.

"Jumanne naletewa tope kutoka kwa jirani zetu wa bonde la pili," alisema. "Mbegu. Nitaanza upya."

"Kundi litapona lini?" mzee aliuliza.

"Likipona nitakuita. Utakuja na Enzian, alivae taji, hata kama ni katikati ya theluji." Kisha akaisogeza hadubini upande wa mzee. "Lakini hawa wa mwanzo uwaone. Hujawahi kuwaona."

Serafin alivua kofia, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu sana, jicho moja limefumba, kofia kifuani, na Burgl akakata mkate akangoja.